Musawo Aliyesoma Majina

Tangu tulipomzika Musawo pale Ibanda, watu wamekuwa wakimtungia maisha. Mmoja husema aliwahi kuwa mwanajeshi na akapigana vita. Mwingine ananiapia kwamba alimfufua mtoto pale Bwera. Wa tatu, ambaye hakuwahi hata kudungwa sindano na mikono yake, anajua kwa hakika kwamba alipewa dawa ya siri na wazee wa mlimani. Mimi nilifundisha shule hadi nywele zangu zikageuka rangi, na muda wote huo niliwakataza watoto wa watu kuandika "inasemekana" katika insha zao. Sitaanza mimi uzeeni. Nitaandika niliyoyaona, pamoja na yale aliyonieleza mwenyewe kwa kinywa chake. Sitasema alizaliwa wapi wala kwa nani. Sikuwepo.

Musawo ni neno la Waganda, wasemaji wa Kiganda. Hivyo ndivyo wanavyomwita daktari, na muuguzi pia, nasi Wakonzo tumeliazima bila nia ya kulirudisha. Yeye alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, kwanza huko juu Bwesumbu, kwenye miteremko ya Rwenzori, kisha Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Uhamisho wa walimu ulinipeleka kote alikokuwa, na kote nikafanywa mwenyekiti wa kamati ya kituo, kazi isiyo na mshahara wala shukrani, lakini yenye benchi. Kwenye benchi hilo nilikaa miaka mingi nikimtazama akifanya kazi. Ninalikumbuka kuliko viti vyote nilivyokalia maishani.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Aliniambia alikipata katika zahanati iliyopakana na kambi ya jeshi, alikofanya kazi ujanani, na hakikuwahi kuvua buti. "Kuja hapa! Fungua mdomo! Wewe mama, kaa chini, wacha maneno!" Watoto walimwita Afande, mbele yake na nyuma yake. Huo uvumi wa vita umetoka hapo. Hakuwa askari. Kiswahili chake ndicho kilichokuwa askari.

Nilijaribu kumrekebisha. Siku moja alikuwa ameinama juu ya mvulana aliyejikata kwa panga shambani, nami nikasema kwa upole, "Musawo, si 'mutoto iko na kidonda'. Ni 'mtoto ana kidonda'."

"Mwalimu," akanijibu bila kuinua kichwa, "ukimaliza kusahihisha, shika huu mguu. Shika nguvu. Hii mutoto iko na nguvu kuliko sarufi."

Nikaushika mguu.

Ili mtu aielewe kazi yake, lazima kwanza ayaelewe majina yetu. Mkonzo hapewi jina la nyumbani kwa ajili ya kupendeza masikio. Hupewa kwa zamu aliyozaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, na kuendelea. Wavulana nao wana mfuatano wao. Ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, wa Beni na Butembo, wana hesabu hiyo hiyo kwa matamshi yao: Mbambu wetu kwao ni Kahambu. Na jina likishatolewa halirudi. Mtoto akifa, nafasi yake hubaki kuwa yake. Anayefuata huchukua jina linalofuata. Kwa hiyo Mbambu anayecheza peke yake uani ni habari nzito. Mbele yake walipita mabinti watatu, na mgeni mwenye akili atajiuliza wako wapi.

Sisi tulikuwa tumeyazoea majina hayo hata tukaacha kuyasikia. Musawo aliyasikia. Aliingia nyumba ya watu, akauliza jina la mtoto mdogo kuliko wote, kisha akarudi nyuma mmoja mmoja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kwa mguu. Yuko wapi aliyemtangulia? Na huyo mwingine? Alikuwa na nini? Alianza kuumwa vipi? Akina mama waliokuwa wamefunga midomo kwa miaka walijikuta wanaeleza. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Watu wa mlimani walizoea kuambiwa kwamba wao ni wachache na wako mbali, kana kwamba umbali ni kosa la anayekaa mbali. Na mtoto wa mtu aliye mbali akifa, husemwa tu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Musawo alikuwa Mkristo, na mara nyingi alisinzia kanisani, lakini jambo hilo hakulikubali. "Mungu iko na mapenzi mingi," alisema. "Kuhara si moja yao."

Mimi mwenyewe alinisoma hivyo siku tuliyojuana. Nilikuwa nimemwendea kwa hasira. Alikuwa ameingia katika shule yangu ya Bwesumbu saa ya hesabu, akawapanga watoto ukutani na kuwakagua nywele, ngozi na kucha, bila ruhusa. Nilimweleza utaratibu ulivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo baadaye niligundua kwamba halikuwa kawaida yake.

"Jina la nyumbani, Mwalimu?"

"Kule," nikasema. Ni jina la mvulana wa nne, wala halihusiani na kule kwa Kiswahili, ingawa wanafunzi wangu walifurahia sana kunionyesha kwa kidole.

"Baluku iko?"

"Yuko. Ana duka Kasese."

"Bwambale?"

"Sikumwona."

"Masereka?"

"Sikumwona."

Hakusema pole. Aligeuka na kuendelea kukagua kucha, na mimi, niliyekuja kumfukuza, nikajikuta nawaambia watoto wanyooshe mikono vizuri. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza habari za ndugu wawili ambao sina kumbukumbu yao hata ya sauti. Nyumbani kwetu walitajwa tu kwa kunitaja mimi. Kila nilipoitwa Kule, wao wawili walikuwa wameitwa kabla yangu kimyakimya. Tangu siku ile nimekuwa nikiwatamani, kama inawezekana kuwatamani watu usiowajua.

Hakupenda sebule. Alipokaribishwa kwenye viti vyenye vitambaa, alipita moja kwa moja hadi jikoni na kufunua chungu. Wanaume walichukia sana. Mzee mmoja wa Bwesumbu alimzuia mlangoni, mkono kiunoni.

"Musawo, hata mama mkwe wangu hafunui chungu changu."

"Mama mkwe yako anaogopa atakuta nini. Mimi najua nitakuta nini. Bundu na chumvi."

"Na wewe nyumbani kwako unakula nini, kuku?"

"Bundu na chumvi," akasema, "lakini mimi sikui tena. Hawa wanakua. Maharage umeuza yote?"

Bundu ni ugali wetu wa muhogo, na ukila huo tu tumbo hujaa huku mwili ukibaki na njaa. Mzee alikiri kwamba maharage yalikwenda sokoni pamoja na kahawa. Musawo hakumhubiria. Alimwomba kikombe kimoja tu cha maharage kibaki nyumbani kila wiki, akamtaja mjukuu ambaye kikombe hicho kingekuwa chake, na kila alipopita njia hiyo alisimama barabarani na kupiga kelele: "Kikombe ya Biira iko?" Mji mzima ukasikia. Mzee akaona aibu, na aibu ikamlisha Biira.

Alikuwa na kinyume chake katika kila jambo. Alihubiri maji ya kuchemsha katika kila nyumba, na tulipopanda mlima aliinama kwenye kijito cha kwanza akanywa kwa viganja. Nilipomshutumu alisema kwamba wadudu wa mlimani wanamjua na wanamheshimu. Alikemea moshi wa jikoni unaoharibu vifua vya watoto, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mchangamfu kama alipokaa kwenye kigoda kando ya mafiga, machozi yakimtoka, akimenya ndizi za mwenye nyumba. Aliogopa pikipiki. Mtu aliyekwenda peke yake kwenye nyumba za ugomvi na ulevi alifumba macho na kusali kwa sauti kila alipopanda bodaboda, na vijana wa boda walikuwa wakigombania kumbeba ili wamsikie.

Tena, hakujifanya anajua kila kitu. Bondeni tuna majirani zetu Wasongora, wafugaji, ambao majina yao hayahesabu chochote. Huko alirudi kuwa mjinga, na alikiri. "Kule chini niko kama mutoto ya darasa la kwanza," aliniambia. "Nauliza mambo kama polisi, na wanajibu kama mahakamani." Ilimchukua muda mrefu kupata mlango wa kuingilia kwao, na mlango wenyewe ulikuwa maziwa: alikaa, akanywa alichopewa, akasubiri waanze wao.

Waliwahi kuja wageni kwa magari, wakatukusanya katika darasa langu kujadili ustawi wa watoto wa jamii ndogo za mlimani. Walikuwa watu wema, sina neno baya juu yao. Kijana wao alisimama na kuuliza, "Kwa maoni yenu, mtoto mwenye furaha ni mtoto wa namna gani?" Halikuwa swali ambalo tungeliuliza sisi. Hatimaye bibi kizee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Ni yule aliyekula. Kwani ninyi mnaye mwingine?" Musawo alicheka hadi akatoka nje. Aliporudi, alimwambia yule kijana, kwa upole ambao sikuuzoea, kwamba swali lake lilikuwa zuri, ila lisubiri zamu.

Kuhusu makosa yake, nitataja mawili, kwa sababu la kwanza alipenda kulisimulia, na la pili hakulisimulia hata kidogo, na mtu hawezi kumjua bila yote mawili.

La kwanza lilitokea mteremkoni, juu ya Bwesumbu. Tulifika nyumba moja tukamkuta mama na kasichana kamoja kadogo. Jina? Mbambu. Musawo akaangalia uani: hapana mtoto mwingine, wala nguo ya mtoto mwingine kwenye kamba. Akateremsha sauti. "Watatu wake wa mbele?" Mama akahema, akafuta jasho, akasema, "Wamekwenda, Musawo." Kwa heshima nisiyoweza kuieleza, Musawo akakaa chini udongoni, akamshika mama yule mkono, akaanza kusali. Mama alishangaa, lakini nani atakataa sala? Naye akafumba macho. Nami nikavua kofia. Tulikuwa katikati ya amina wakati mabinti watatu walipotokea kilimani na mizigo ya kuni vichwani, wakigombana.

"Ulisema wamekwenda!" Musawo akaruka.

"Ndiyo, walikwenda kuni!"

Alilisimulia tukio hilo kila mahali, akijicheka, na kila aliposimulia mabinti wale walishuka na kuni nyingi zaidi.

La pili lilitokea Bwera, na nililiona kutoka kwenye benchi.

Alikuja mama wa Kinande aliyekuwa amevuka mpaka kutoka upande wa Beni, akikimbia mambo ambayo sote tunayajua na ambayo sitayasimulia kwa kuwa sikuyashuhudia. Alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, karibu na soko. Mgongoni alikuwa na kasichana kachanga kanakolia bila kupumzika. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa imeumuka kama maandazi.

"Musawo, mutoto yangu iko analia tangu jana. Ona mikono."

"Jina?"

"Masika."

"Wa kwanza, basi."

"Njo wa kwanza," mama akasema; njo ni "ndiyo" ya ng'ambo.

Musawo akampima joto, akampa dawa ya homa na ya maumivu, akamwambia mama asimfunge nguo kwa kumbana. Mtoto wa kwanza, mama mgeni wa kulea, hofu nyingi: ndivyo alivyolisoma jambo hilo. Angesikia jina la wa nne, angeuliza waliotangulia walikufa na nini. Kwa kuwa alisikia Masika, hakuwa na wa kuuliza. Walirudi tena, na tena. Kila mara homa ilishuka, uvimbe ukapungua, wakaenda zao.

Kisha wakaja alasiri moja ya mvua kubwa. Mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa, viganja vyeupe, macho ya manjano. Musawo alikuwa anatafuta mshipa kwenye ule mkono mdogo wakati mama alipojitupa sakafuni na kupiga ukelele: "Kahambu! Kahambu yangu, usiende! Rudia, Kahambu!"

Mkono wa Musawo ukasimama.

"Umeita nani?"

"Masika," mama akasema.

"Hapana. Umeita nani?"

Mama akafunika uso kwa kitenge. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilinilazimu kusogea ili nisikie.

"Masika wa kweli iko wapi?"

"Beni."

"Na wa pili?"

"Beni."

"Wa tatu?"

"Bote beko Beni, Musawo. Bote batatu, mu udongo."

"Mikono yao ilivimba?"

"Ilivimba. Ya bote."

Musawo akanigeukia. "Mwalimu, simamisha gari. Gari yoyote."

Nikasimama katikati ya barabara na mwavuli wangu, mbele ya pikapu ya mfanyabiashara wa kahawa. Akafungua kioo akanitukana kabla hajanitambua. Musawo alikuwa ameshafika, mtoto kifuani chini ya koti la mvua.

"Shusha kahawa."

"Afande, mvua! Kahawa ya watu!"

"Kahawa italoa, itakauka. Shusha!"

Akashusha. Ningependa kusema nilimsaidia, lakini magunia yale yalikuwa mazito na nilishika moja tu. Wakaenda Kasese, na huko hospitalini mtoto akaongezwa damu, na damu yake ikapimwa. Ilikuwa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba njia zake zenyewe. Hauondoki. Lakini mtoto anayejulikana kuwa nao, akipewa vidonge vyake kila siku, akanywa maji ya kutosha, akalindwa na mbu na baridi, na akakimbizwa kituoni homa inapoanza, anaweza kukua. Wale watatu wa Beni hawakujulikana.

Hilo ndilo linaloitwa kumfufua mtoto. Hakumfufua. Alisikia jina.

Nilikuwepo mama alipoeleza, siku waliyorudi Bwera. "Nilipovuka muto nilisema, hapa nahesabu mupya," alisema. "Kifo inajua majina yetu. Inafuata moja, mbili, tatu. Nilipenda ikifika ikute wa kwanza, iseme, aa, hapa njo mwanzo, iende zake." Nilitarajia Musawo angefoka. Alimfunga mama yule kitenge vizuri begani, akamwambia alikuwa ametumia akili, ila kifo hakijui kusoma. Wanaosoma ni wauguzi.

Kwangu alisema jambo jingine, mara moja tu, tukiwa tunafunga kituo. "Alimfunga mutoto mugongoni kwa mkono moja, Mwalimu. Mama ya mutoto wa kwanza hawezi. Nikaona. Halafu nikasikiliza jina. Nilisoma jina, sikusoma mutoto."

Tangu siku ile hakuanza tena na jina. Alianza na mikono. Na kwa mtoto yule alikuwa na wivu kama wa kuku mwenye vifaranga. Asubuhi za baridi alipita kwa mama wa sombe kabla ya kufungua kituo, kuhakikisha miguu ina soksi. Alipofikia umri wa kustaafu, Masika akiwa bado anatambaa na kuanguka, alimchukua mama na mtoto akawapeleka kwa muuguzi mpya. "Huyu jina yake Masika," akasema, "lakini wewe soma Kahambu. Umeelewa? Rudia." Yule binti msomi akarudia, kama kuruta.

Kisha akahamia Ibanda, kwenye barabara ya wapanda mlima, ambako alikuwa na kijumba na kishamba. Magoti yakamkatalia. Bwera ikawa mbali. Nilimtembelea kila nilipoweza, na kila nilipofika, kabla sijaketi, aliuliza, "Masika?" Nami nilimpa niliyoyaona mara ya mwisho. Lakini nami nilistaafu nikarudi kwetu, na niliyoyaona yakaanza kuzeeka.

Katika safari yangu ya mwisho kwake nilipitia Kasese. Katika kituo cha taksi, mwanamke aliyekaa nyuma yangu alikuwa akimwambia mwenzake kwamba pale Bwera, upande wa wauza sombe, Masika amekufa. Yule mgonjwa? Ndiyo, wamemzika. Gari lilichelewa kujaa, wakashuka kufuata jingine, sikuwauliza.

Nilimkuta Musawo ameketi mlangoni, amepungua, blanketi magotini mchana kweupe.

"Masika?"

"Sijui," nikasema.

Alinitazama kwa namna ile aliyowatazama watoto wanaosema hawaumwi popote.

"Umesikia kitu."

"Nimesikia. Sijaona."

"Nani alisema?"

"Mwanamke kwenye taksi. Simjui, naye hanijui."

Akasema, bila ukali wa kambini, kwa sauti ya mtu anayeomba, "Nenda uone, Mwalimu. Mimi magoti haiwezi. Nenda, halafu urudi uniambie ile utakuta. Ile yenyewe. Usinichagulie."

Kesho yake nikaenda Bwera. Sijawahi kuona barabara ile ikiwa fupi kiasi kile. Nilikuwa natamani isifike. Mama wa sombe alikuwa kwenye kinu chake. Aliponiona akauachia mchi.

"Eeh, Mwalimu! Unakuya kama muzimu! Ulipotelea wapi?"

"Masika yuko wapi?"

Akaelewa mara moja kutoka usoni kwangu, na uso wake ukabadilika. "Walikuambia," akasema polepole. "Hapana, Mwalimu. Tuko na ba-Masika babili hapa. Ule wa mulango ingine njo alikufa. Homa, siku mbili tu. Wangu iko pale nyuma, anatukana benzake."

Kila nyumba yenye binti ina Masika. Mimi Mkonzo, mwalimu wa miaka yote hiyo, sikukumbuka hilo katika safari nzima.

Nilikwenda kwanza kwenye mlango ule mwingine. Mama wa marehemu alikuwa ameketi mkekani na majirani wawili. Nilimpa pole, nikakaa nao kwa muda unaostahili, na wakati wote huo moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha chini ya koti. Sijui kama dhambi hiyo ina jina. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaona nilichotumwa kuona.

Nilirudi Ibanda siku iliyofuata. Hakuinuka, lakini alikuwa ameshaniwekea kiti.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Yuko hai."

Nikamweleza kuhusu Masika aliyekufa, maana alisema nisimchagulie. Akauliza alikuwa wa nani, alikuwa na wadogo wangapi, na kama kuna mtu amekwenda kuwatazama wadogo hao. Nikasema sijui. Akasema nimpigie simu yule muuguzi wa Bwera, nikampigia hapo hapo, akasubiri hadi nikamaliza. Ndipo akarudi kwa wetu.

"Macho yake?"

"Manjano kidogo, pembeni."

"Hiyo ni yake. Amekuwa mrefu?"

"Mwembamba, mrefu. Ananifika hapa."

Nikaona anataka kuuliza jambo na analigeuzageuza.

"Aliuliza habari yangu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine angesema ndiyo, na pengine angekuwa mwema kuliko mimi.

"Hapana, Musawo. Nilimtajia. Hakukumbuki."

"Alikuwa mudogo sana," akasema.

"Alikuwa mdogo sana."

"Alikuwa anafanya nini ulipomukuta?"

"Walikuwa wanaruka kamba. Wenzake walisema kamba imemgusa mguu, kwa hiyo atoke. Yeye alisema haikugusa. Alisimama katikati, amekanyaga kamba yenyewe ili mwingine asiruke, anapiga kelele: 'Haikugusa! Mulete mutu aliyeona! Nani aliona?'"

"Na ilikuwa imegusa?"

"Ilikuwa imegusa. Niliona."

"Ulisema?"

"Sikusema."

Musawo alicheka hadi blanketi likaanguka, na nilipoinama kuliokota akanishika mkono wa koti. Alikuwa amefumba macho, uso ameuelekeza kwenye barabara ya Kasese, njia ya kwenda Bwera.

"Niambie tena," akasema. "Anzia kwenye kamba."